Daktari Hatoi Siri

Mimi nafua mashuka ya hospitali. Si kwa mikono, mashine zipo, lakini mashine haijipakii yenyewe, wala haijui kwamba ndani ya shuka kuna mtu kasahau mkasi. Kwa hiyo kutwa nzima nasimama ndani ya buti za mpira nikichambua: ya damu huku, ya mkojo kule, makoti ya madaktari peke yake, maana yakichanganywa na mengine utasikia maneno. Nikirudi nyumbani mwili hauna mwenyewe. Mtu akiniuliza habari za kazi nina jibu moja tu, nimechoka, na anayetaka jibu jingine akamuulize anayefanya kazi ya kukaa.

Jambo jingine mlijue mapema. Pua yangu ilishakufa. Klorini imeimaliza. Maharage yanaungua mimi nimesimama juu ya sufuria, mwiko mkononi, mpaka jirani agonge ukuta ndipo najua. Nyumbani waligeuza mzaha. Mama yangu alizoea kuwaambia wageni, "Huyu mkimtafutia mchumba mtafutieni hata muuza samaki, hatajua."

Tulikuwa watatu katika vyumba viwili. Mimi, mama yangu ambaye wapangaji wote humwita Bibi, na mtoto wa kaka yangu. Kaka anaendesha malori ya safari ndefu, na mama wa mtoto aliolewa kwingine, basi mtoto akabaki kwetu. Jina lake analijua mwalimu tu. Sisi wengine tunamwita Daktari.

Alianza lini, sijui. Hata kabla maneno hayajamtoka sawasawa alikuwa anagusa watu paji la uso. Alipoingia darasa la kwanza mwalimu aliwauliza watoto wanataka kuwa nani, mmoja akasema rubani, mwingine mwanajeshi, huyu akasema, "Mimi tayari ni daktari, bado kusoma tu." Likawa neno la nyumba. Ukiuliza kama chakula kiko tayari, unaambiwa kiko tayari, bado kupika tu.

Koti nilimletea mimi. Lilikuwa la daktari mmoja mrefu. Kalamu ilimvujia mfukoni, doa la wino likashinda dawa zote tulizonazo, msimamizi akasema lichanwe liwe matambara. Nikaliomba, akanipa. Siku ya kwanza mtoto hakulivaa. Alilitundika kwenye msumari akala akilitazama. Alipolivaa kesho yake lilimfika kwenye vifundo vya miguu, doa la wino likamkaa tumboni, na mikono ilikunjwa hata ikawa minene kama mito. Wapangaji walikuja kutibiwa kwa zamu. Fundi cherehani wa chumba cha mbele aliambiwa apumzishe macho, na kweli akafunga kazi mapema, wateja wakamsubiri, akawaambia daktari kaagiza.

Mgonjwa mkuu alikuwa Bibi. Wana utani wao wale, wanaitana mke mwenza na kugombania mume aliyekufa zamani. Bibi ana sukari. Vidonge vyake huvimeza akikumbuka, na asipokumbuka husema leo sukari imeshuka yenyewe. Sasa mwenye sukari ya miaka mingi nyayo hufa ganzi. Kijiwe kiliingia ndani ya kiatu chake cha plastiki, akashinda nacho bila habari, na alipovua viatu akaona alama chini ya kidole kidogo. Kilikuwa kidonda cha kuchekwa. Akamwita Daktari akifunge.

Hapa nitasema jambo ambalo mimi nilikuja kulijua baadaye, ili nanyi msihangaike kama nilivyohangaika. Kidonda hakikupona. Kilikua. Mtoto akamwambia Bibi, twende hospitali, au tumwambie shangazi. Na Bibi, mtu mzima na mvi zake, akamjibu mtoto wa darasa la tatu kwamba daktari hatoi siri ya mgonjwa. Hilo alilisikia redioni, daktari mmoja akieleza miiko ya kazi yao. Kisha akaongeza la kwake, ambalo redio haikulisema. "Ukitoa siri ya mgonjwa, udaktari unakutoka. Hata usome mpaka vitabu viishe, haurudi."

Mtoto akaamini. Kwa nini asiamini? Sisi wenyewe ndio tuliomfundisha kwamba penye wazee haliharibiki neno.

Basi akabaki na mambo mawili kifuani. Akisema, udaktari umekwenda. Akinyamaza, mguu wa bibi yake unaoza mbele ya macho yake. Na humo humo ndani yumo mtu mzima, ndiye mimi, naingia na kutoka, nalala chumba kimoja na mguu ule, na pua yangu hainiambii kitu.

Jioni moja nilikaa kizingitini, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Akaja akasimama mbele yangu na koti lake.

"Shangazi, kule kwenu daktari akitoa siri ya mgonjwa anafanywaje?"

"Anafukuzwa."

"Hata kama mgonjwa anaumwa sana?"

"Wote wanaumwa sana, ndiyo maana wako hospitali. Niletee taulo."

Akaleta taulo. Hakuondoka.

"Na shuka? Shuka likitoa siri?"

Nilicheka, pamoja na uchovu wangu. Ni msemo wangu huo, nyumbani wanaujua. Mgonjwa humdanganya daktari, humdanganya nesi, humdanganya mkewe aliyekuja kumtazama, lakini shuka halidanganyi. Nikilikunjua tu najua nani katema vidonge na nani mshono wake umefumuka.

"Shuka halifukuzwi," nikamwambia. "Shuka linafuliwa tu."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayeelezwa dawa hii unywe kabla ya kula au baada ya kula. Nikaona koti limepanda, sasa linamfika magotini. Nikasema moyoni, mtoto anarefuka huyu, viatu navyo vitakuwa vimembana. Nikajifuta miguu nikaenda kulala na jua bado halijazama vizuri.

Asubuhi, kazini, nilifungua mfuko wangu kutoa aproni. Katikati ya aproni kulikuwa na kitambaa kimekunjwa pembe kwa pembe, namna ninavyokunja mimi. Nilidhani mtoto kanifungia kiporo, nikafurahi hata. Nikakikunjua mezani. Pale mezani pangu hupita kila kinachotoka mwilini mwa binadamu na sijawahi kurudi nyuma, lakini siku hiyo nilirudi. Usaha wa njano, ukingo wa kijani, katikati damu iliyokwisha kuwa nyeusi. Na pembeni, doa la wino.

Wino ule nilipigana nao kwa sabuni zote. Ningeujua hata gizani.

Anayepiga pasi kwetu ni mzee mmoja tunamwita Mzee Mstari, kwa ajili ya suruali zake, maana hata akienda msibani mstari wa pasi unamtangulia. Nikamwendea na kile kitambaa.

"Mzee wangu, niazime pua."

Akainama, akanusa, akageuza uso upande wa ukuta.

"Huyu yuko wodi gani?" akauliza.

"Yuko nyumbani kwangu."

Akazima pasi. "Nenda," akasema. "Nitachambua mimi."

Sikuvua hata buti. Nilipita nazo barabarani, zinalia kwapu kwapu, watu wananitazama, na njia nzima nilikuwa nikihesabu watu wa nyumbani kana kwamba ni wengi: si mimi, basi ni mtoto au ni mama. Nikamwomba Mungu asiwe mtoto. Halafu nikaona maana ya dua yangu, nikamwomba msamaha.

Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo nilimkuta mtoto kizingitini anachagua mawe kwenye mchele. Aliponiona na buti aliinuka, akaweka ungo chini, akanifuata ndani bila kuitwa. Bibi alikuwa kitandani, shuka limefunika miguu, katika joto lile.

"Mama, nionyeshe mguu."

"Mguu upi?"

"Kwani una mingapi?"

"Mbona umerudi mapema? Wamekufukuza?"

Nikapiga magoti, nikafunua shuka mwenyewe. Mguu ulifungwa vizuri, hilo sitalificha. Vitambaa vyeupe, safi, na vifundo vidogo vya mkono wa mtoto. Nikafungua kifundo kimoja kimoja. Nilichokiona chini yake sitakieleza. Ninayoyaona kazini nalipwa kuyaona, na haya yalikuwa ya mama yangu.

"Mficha maradhi, kifo humfichua," nikamwambia.

"Kifo hakijanijua jina. Wewe ndiye uliyenifichua, na nani kakwambia?" Akageuza macho kwa mtoto, aliyesimama mlangoni ameegemea fremu. Nami nikamtazama, na safari hii nikaliona lile koti lilivyo. Mikono haipo. Pindo lote chini halipo, limekatwa mpaka penye doa la wino. Limebaki kizibao. "Aha," Bibi akasema. "Kikulacho ki nguoni mwako."

"Kikulacho kiko mguuni mwako, mama."

"Umetoa siri yangu, mke mwenzangu."

"Sikusema." Mtoto akakivuta kizibao chini. "Nilimpa shangazi afue."

Hasira zikanipanda. Nilimuuliza mama kwa nini, tena kwa sauti ambayo mtu hamtolei mamaye. Nilimwambia, mimi nafua usaha wa watu nisiowajua hata majina, wa kwako ndio umeona aibu kunipa? Unaogopa kukatwa, sawa, jirani yetu aliingia hospitali na kidonda cha kidole akatoka na magongo ya kutembelea, sote tulimwona, lakini mimi niko hapa, ungeniambia mimi. Bibi alipojibu hakuweka mzaha wowote.

"Kila nikitaka kukwambia," akasema, "unaingia mlangoni, unasema umechoka."

Nikatoka kwenda kutafuta gari.

Daktari wa zamu alikuwa binti mdogo, macho mekundu, amechoka kuliko mimi, na hilo lilinipa imani naye. Alitazama mguu kwa utulivu, akabonyeza huku na kule, akamuuliza Bibi kama anasikia, Bibi akasema anasikia vizuri kabisa, na wakati huo alikuwa haguswi. Basi yule binti akasema vidole viwili vitaondoka, na tungekawia zaidi tungekuwa tunazungumzia goti. Kisha akaokota kitambaa ambacho mtoto alikuwa amemfungia Bibi tena kabla ya safari.

"Nani alikuwa anafunga?"

Mtoto alikuwa nyuma yangu, ameshika aproni yangu kwa mikono miwili.

"Kafunga vizuri," akasema daktari. "Lakini kidonda cha sukari hakitibiwi kwa kufungwa. Kinafunikwa tu."

Nilihisi mikono ile ikiachia aproni.

Bibi alikatwa vidole, akalazwa. Siku ya pili yake kizibao nilikikuta ndani ya ndoo ya matambara ya kudekia. Nikakitoa, nikamwendea mtoto nacho, nikamuuliza hiki kimefuata nini humo.

"Udaktari umenitoka, shangazi."

"Nani kakwambia?"

Hapo ndipo alipoyasema yote niliyowaambia mwanzo, ya redio na ya vitabu kuisha. Hakulia. Ningefurahi angelia. Alisema kama mtu anayekupa habari kwamba maji yamekatika. Nikamwambia Bibi alikuwa anamtania tu. Akaniuliza, mbona yule daktari wa kweli alisema alikuwa anafunika? Nikamwambia tutazungumza baadaye, na baadaye nikapitiwa na usingizi nimekaa.

Wapangaji walikuja kama kawaida yao. Fundi cherehani alijichoma na sindano, akaleta kidole chake mlangoni anacheka.

"Daktari hayupo," mtoto akamwambia. "Nenda hospitali."

Fundi akanitazama mimi. Nikatazama pembeni.

Bibi alirudi amebeba mguu wake kama yai, na kinywa amekifunga. Mtoto alimwamkia, shikamoo Bibi, akajibiwa marahaba kavu, basi. Hakuna mke mwenza, hakuna utani. Akitaka maji anasubiri mpaka mimi nirudi. Nikirudi namkuta kakaa kwenye kiti na kiu yake, mtoto yuko kizingitini na kimya chake, na mimi katikati nina sufuria la kupika. Nyie, kazini kuna mashine nane zinazunguka kwa pamoja, lakini sijawahi kuchoka kama nilivyochoka katika nyumba ile iliyonyamaza.

Sasa nesi alikuwa ametuagiza. Kidonda kioshwe kila siku, kitazamwe rangi, kinuswe. "Kikinuka tu," akasema, "mleteni siku hiyo hiyo, msingoje kesho, ndivyo watu wanavyopoteza mguu." Kuosha naweza. Kutazama naweza. Siku ya kwanza niliinama pale mpaka pua ikakaribia kugusa, nikavuta pumzi, hakuna. Ingekuwa waridi, ingekuwa panya aliyekufa, kwangu ni sawasawa.

Nikamwita fundi cherehani aje anuse. Bibi akavuta mguu wake.

"Mguu wangu si mchuzi wa kuonjwa na wapangaji."

"Basi anuse nani, mama? Mimi unajua sina pua."

Akatazama ukuta.

"Anuse nani?" nikarudia. "Aliyekuwa ananusa umemfukuza. Umemlaani mtoto."

"Sikumlaani. Nilimtisha tu."

"Mtoto atajuaje tofauti?"

Nje watoto wa wapangaji walikuwa wanacheza, wa kwetu hakuwemo, alikuwa jikoni anaosha masufuria ambayo hakuna aliyemtuma kuosha. Tulikuwa tunasikia mikwaruzo.

"Nenda kamwite," mama akasema.

Nikamwita. Nikachukua beseni langu nikakaa kizingitini, mgongo kwenye ukuta, maana wakianza tena kurushiana siri sikutaka kuwa katikati yao. Lakini mlango ulikuwa wazi na masikio yangu hayajafa.

"Wewe nani?" Bibi akauliza.

"Mjukuu."

"Mjukuu simtaki, ana mdomo. Namtaka daktari."

"Daktari hayupo. Alitoa siri. Udaktari umemtoka, Bibi ndiye uliyesema."

Kiti kikalia, ni Bibi anajigeuza.

"Bibi alisema uongo," mama yangu akasema. "Aliogopa kisu. Mtu mzima akiogopa husema lolote lile, hata kwa mtoto."

Maisha yangu yote sijawahi kumsikia mama akisema aliogopa. Alizika mume, alitulea kwa jembe la watu, na hakusema. Nilitia mkono ndani ya beseni nikakoroga maji yale ya chumvi, na machozi yakanitoka, nikayaacha.

"Toka nje," akamwambia mtoto. "Ubishe hodi vizuri."

Mtoto akatoka. Akanipita, akaingia jikoni, nikasikia anasugua mikono kwa sabuni. Aliporudi alikuwa amevaa kizibao. Hakunitazama. Akasimama mlangoni.

"Hodi."

"Karibu, daktari."

Hakuingia. "Daktari huyu anasema," akasema.

"Anasema nini?"

"Anasema yote. Anamwambia shangazi kila kitu. Hata kama shangazi amechoka."

Kisha nikasikia kigoda kikiburutwa, na mguu ukiwekwa juu yake.

"Basi aseme," Bibi akajibu.

Akaingia. Nikasikia bandeji ikifunguliwa, maji yakichuruzika, Bibi akimwambia taratibu, mke mwenzangu, huo si mpira. Halafu pakawa kimya, nikajua ameinama.

"Shangazi."

"Naam."

"Ni chekundu, hakina kijani. Ukingo umeanza kukauka. Na hakinuki."

Nikavuta pumzi kwa pua, ndefu, kwa mazoea tu. Sikusikia chochote, si sabuni, si mguu, si jioni yenyewe. Nikamwambia sawa daktari, nimesikia, funga.